Kilichomo ndani ya gunia la dawa

Majirani zangu hapa Buruburu huniita Daktari. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza kwamba udaktari wangu ni wa isimu, na kwamba nilichotahiniwa ni vitenzi na ngeli za nomino wala si maini na mafigo, lakini maelezo hayo hayajafua dafu. Mtoto wa watu akijikata kisu, hodi huwa mlangoni kwangu. Aghalabu huwaelekeza zahanati na mambo yakaishia hapo. Hata hivyo, juma lililopita niliulizwa swali ambalo limeninyima usingizi, na kwa kuwa wengi wausomao ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, naona vyema niliweke mbele yao.

Aliyeniuliza ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka sabini na ushei, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkononi alikuwa na pakiti ya unga wa majani aliyoinunua kando ya barabara ya Mumias South. Magoti humsumbua, na tangu Januari amekuwa akichemsha vijiko viwili vya unga huo kila siku, kimoja asubuhi na kingine jioni. Pakiti ilikuwa na sentensi tatu tu: "Dawa ya asili. Haina kemikali. Haina madhara."

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ni msomi wa maneno. Maneno haya niyaamini? Niendelee au niache?"

Nilizisoma sentensi zile kama nisomavyo insha ya mwanafunzi. Ya kwanza haisemi kitu, maana sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Ya pili ni uongo wa wazi: maji yenyewe ni kemikali, na jani lisilo na kemikali haliwezi kutibu hata chafya. Ya tatu ndiyo nzito, kwa sababu anayekanusha jambo hana budi kuwa amelitafuta. Nani aliyetafuta madhara? Alitafuta madhara ya aina gani? Katika kiasi gani cha dawa, na kwa muda gani? Zaidi ya hayo, pakiti nzima haikutaja jina la mmea.

Tulikwenda pamoja kwa muuzaji. Ni kijana mpole ambaye hutandika turubai lake kila asubuhi, akapanga mizizi, magome na makopo, kisha akawasha kipaza sauti kinachotaja presha, kisukari, vidonda vya tumbo na mengine nisiyoweza kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Alitukaribisha kwa adabu. Nikamwuliza ule ulikuwa mti gani.

"Ni mwarobaini, Daktari."

"Mwarobaini upi?"

"Mwarobaini ni mwarobaini tu, Daktari."

Aliongeza kwa unyofu kwamba yeye hachumi majani. Huletewa gunia kutoka Ukambani, likiwa na unga uliokwisha kusagwa. Sikuona hila usoni pake. Yeye mwenyewe huinywa dawa hiyo. Naye aliuziwa jina kama alivyotuuzia sisi.

Jambo hili la jina si upuuzi wa wasomi wasio na kazi. Mwarobaini tunaousifu, wenye asili ya Bara Hindi, wataalamu wauitao Azadirachta indica, ulipewa jina hilo kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Lakini uko mti mwingine wa ukoo huo huo, Melia azedarach, unaopandwa kwa ajili ya kivuli na maua yake ya rangi ya zambarau, ambao vitabu vya misitu vya Afrika Mashariki vimeurekodi kwa jina la "mwarobaini nusu". Tazama busara ya aliyeubatiza! Aliona majani yanafanana, akaona pia kwamba si mti ule ule, akaweka neno moja la kuitenga miti hiyo miwili. Matunda ya huo wa nusu ni sumu kwa binadamu na kwa mifugo. Neno "nusu" ndilo lililokuwa onyo, na ndilo neno la kwanza kudondoka njiani kati ya shambani na Nairobi.

Mfano mwingine uko kwa Wamaasai. Mti waitao olamuriaki, yaani Carissa, ni dawa mashuhuri. Ndio jamii ya mti uliowavuta maelfu kwa maelfu ya watu hadi Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Mti waitao olmorijoi, yaani Acokanthera, ni ule ambao kwa karne nyingi umetengenezewa sumu ya mishale. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, yote hutoa utomvu mweupe na maua meupe yenye harufu nzuri, na tofauti iliyo rahisi kuonwa ni kwamba wa kwanza una miiba na wa pili hauna. Mmaasai aliyelelewa porini hawezi kuichanganya. Mchuuzi wa mjini, aliyeletewa magome yaliyokwisha kukatwakatwa, atauona mwiba wapi?

Hata hivyo, kosa la jina ndilo dogo kati ya mawili. Jina laweza kuwa sahihi, mmea ukawa sahihi, mchumaji akawa bingwa, na bado gunia likabeba sumu, kwa sababu kilichoingia guniani si mmea ule peke yake. Shamba lina magugu. Anayekata majani kwa panga hafuati mpaka wa kila shina, na mvunaji anayelipwa kwa uzito wa gunia hana sababu ya kuyachambua.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Mwezi wa Machi 2019, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unga wa lishe uliogawiwa na Mpango wa Chakula Duniani ulileta maafa. Waliokula uji wake walianza kukaukwa na vinywa na kupayuka, wengine wakapoteza fahamu. Watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha atropini na skopolamini, sumu zitokazo kwa muranaha, ule mmea wenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba ambao huota penye jalala lolote hapa Eastlands. Mbegu zake zilikuwa zimevunwa pamoja na nafaka. Kabla ya hapo, mwaka 1991, jarida moja la tiba lilikuwa limechapisha habari za mlipuko wa sumu ya mmea huo huo katika hospitali ya serikali ya Usangi, Upareni, nchini Tanzania. Unga wa Karamoja ulikuwa wa kiwandani, na ulinunuliwa na shirika kubwa lenye wakaguzi wake. Basi na tujiulize kuhusu gunia lisilo na mkaguzi hata mmoja.

Muranaha, pamoja na ukatili wake, una uungwana fulani: hujitangaza. Mtu akila leo huugua leo, na chanzo hutafutwa. Ninachokihofia zaidi ni kundi jingine la sumu, linaloitwa alkaloidi za pirolizidini. Zimo katika mamia ya mimea, hasa jamii za Senecio, Crotalaria na Heliotropium, ambazo nyingi zinaota mashambani mwetu kama magugu. Zenyewe hazichomi wala haziwashi. Zikifika kwenye ini, ini hufanya kazi yake ya kuzivunja ili zitoke mwilini, na katika kuzivunja ndipo huzigeuza kuwa kitu kikali kinachoiziba mishipa midogo ya ini lenyewe. Tumbo hujaa maji. Katika wanyama wa maabara, baadhi ya sumu hizi zimeleta saratani. Haya yote yaweza kuchukua wiki, miezi au miaka, na mgonjwa anapofika hospitalini huulizwa kuhusu pombe na homa ya manjano. Ni nadra kuulizwa amekunywa chai gani.

Mwaka 1954 madaktari wa Jamaika waliandika kuhusu watoto waliofura matumbo baada ya kunyweshwa chai ya majani ya porini, tiba ambayo mama zao walikuwa wamerithi kwa bibi zao. Karibu zaidi na sisi, kuanzia mwaka 2001, katika wilaya ya Tahtay Koraro, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, watu wa kijiji cha Tseda Emba walianza kufura matumbo na kufa kwa maradhi ya ini yasiyojulikana. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya watafiti kuunyoshea kidole mmea wa Ageratum conyzoides, uliokuwa umejichanganya na nafaka yao. Mmea huo umejaa tele Kenya. Wakulima huung'oa wakipalilia, na wapo wanaoutumia kutibu vidonda.

Sasa naomba walimu wa hisabati wanisaidie. Wataalamu wameyapima baadhi ya magugu ya Senecio na kukuta gramu 1 ya sumu, au hata zaidi, katika kila kilo ya majani makavu. Tuchukue gramu 10 za majani hayo, yaani konzi moja tu, tuzitie katika gunia la dawa la kilo 50 na kulisaga lote. Gramu 10 zitakuwa na miligramu 10 za sumu, nazo ni mikrogramu 10,000. Zikigawanywa kwa kilo 50 tunapata mikrogramu 200 katika kila kilo ya unga. Vijiko viwili vya Mwalimu, tukikadiria kuwa gramu 5, vitampa mikrogramu 1 kwa siku. Ikiwa konzi hiyo haikuchanganyika sawasawa, pakiti moja haitakuwa na kitu, na nyingine itakuwa na maradufu.

Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Msomaji atasema huo ni ukoko wa mlezi kwa mwenye meno. Lakini hebu tuone wenye kupima wameweka mpaka wapi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza majani mengi ya chai za mitishamba yenye zaidi ya mikrogramu 200 za sumu hizi kwa kilo, ingawa machache, kama vile kamomili na mnanaa, yameruhusiwa hadi 400. Ama kuhusu dawa, Ujerumani iliweka mpaka wa mikrogramu 1 kwa siku tangu mwaka 1992, na sehemu ya kumi ya hiyo kwa anayetumia dawa zaidi ya wiki sita kwa mwaka. Mwaka 2014 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza mikrogramu 0.35 kwa siku kwa mtu mzima, na mwaka 2016, lilipobainika kwamba magugu hayatoki mashambani kwa amri, likakubali mikrogramu 1 kwa dawa zilizochafuliwa nayo. Basi ile konzi yetu moja ya magugu imefika mpakani barabara, kwa hesabu zote mbili za chai na dawa. Na Mwalimu amekunywa tangu Januari.

Nimekuwa nikisikia hoja kwamba habari hizi za viwango ni hila za wazungu za kuua tiba yetu. Nimeitafakari kwa makini, kwa sababu historia haiwapi Waafrika sababu ya kuwa wepesi wa kuamini. Lakini wale wazungu walianza kwa kupima vikombe vyao wenyewe. Mwaka 2013 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula ilitangaza kwamba ilikuta sumu hizi kwa wingi usiotazamiwa katika chai za kamomili, mnanaa na nyinginezo zilizokuwa zikiuzwa madukani mwao, chai ambazo hunyweshwa hata watoto. Mmea wa kamomili hauna sumu hiyo. Iliingia na magugu. Hawakuiacha kamomili, walirudi shambani wakapalilia. Mwaka huo wa 2014 Tume ya Codex Alimentarius, ambayo Kenya ni mwanachama wake, ilitoa mwongozo wa namna ya kupambana na magugu hayo.

Wala si kweli kwamba Mkenya hawezi kuelewa habari ya viwango. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Kutoka hapo, mama muuza nafaka sokoni alijifunza neno jipya, na leo ajua kwamba mahindi hukaguliwa, kwamba mpaka ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwamba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, laweza kuondoa unga madukani ukiupita mpaka huo. Tumekubali hivyo kwa ugali. Sioni kwa nini tuone haya kukubali hivyo kwa kitu ambacho humezwa na wagonjwa, yaani watu ambao maini yao tayari yana kazi ya ziada.

Mimi si adui wa mitishamba. Nimelelewa kwa muthiga wa kikohozi na nitautafuna tena msimu wa baridi. Nakumbuka pia kwamba Kiswahili kina neno moja, dawa, kwa kimponyacho mtoto na kimwuacho panya. Wapo wageni wanaoliona hilo kuwa upungufu wa lugha. Mimi huliona kuwa elimu: kinachotenganisha dawa ya kikohozi na dawa ya panya ni nani anayekunywa, na kwa kipimo gani. Hata chombo chetu cha serikali kinaitwa Bodi ya Dawa na Sumu, maneno mawili yaliyoketi benchi moja.

Bodi hiyo ndiyo ya kwanza ninayoielekea. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya kienyeji na kuagiza kwamba chombo cha kuisimamia kiundwe kwa sheria ya Bunge. Tanzania ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002, Uganda mwaka 2019. Wabunge wetu hawana haja ya kusafiri mbali kwenda kujifunza. Lakini sheria isiyotaja tarakimu ni hotuba. Na iseme: mikrogramu ngapi za pirolizidini, ngapi za atropini, nani atapima, na gunia litakalozidi litapelekwa wapi. Nafahamu kwamba mashine za kupimia sumu hizi ni za bei ghali na hakuna atakayepima kila konzi ya Gikomba. Ndiyo maana nataka upimaji uwe kwa wenye kusaga na kusambaza kwa magunia, si kwa kijana mwenye turubai, ambaye tukimfukuza leo atatandika kesho ng'ambo ya pili ya barabara.

Na pakiti zizungumze. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi maandishi ya pakiti na yawe kwa Kiswahili kinachosomeka, yakitaja sehemu ya mmea iliyotumika, mahali ilikochumwa, tarehe, na muda ambao mtu asiupite bila kumwona mganga. Jina la mmea na liandikwe mara mbili, kwa lugha ya mchumaji na kwa Kilatini. Najua wenzangu watashangaa kusikia mtetezi wa lugha za Kiafrika akidai Kilatini. Lakini jina hilo halina kabila, na halibadiliki kutoka Kitui hadi Kisumu. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alionyesha njia tangu mwaka 1976, alipochapisha kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na tena mwaka 1998, alipotoa pamoja na Timothy Johns kamusi ya viumbe kwa Kijaluo. Ni aibu kwetu wanaisimu kwamba kazi kama hiyo ya pili tumewaachia wanabotania.

Walimu wa sayansi na wa lugha wanaweza kuifanya kazi hiyo bila kungoja Bunge. Mwanafunzi aende kwa nyanya yake likizoni, aulize mti, aandike jina kama linavyotamkwa, achukue tawi lenye ua, alibane katika gazeti kuukuu (hili likiisha kusomwa litafaa), kisha darasa lipeleke matawi hayo kulinganishwa na yale ya Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki katika Makavazi ya Taifa, Nairobi. Aulize pia swali ambalo vitabu vingi havikuuliza: nyanya, ukichuma huu, ni upi unaofanana nao ambao huwa unauacha? Wazee wana majibu yake. Hawayatoi kwa sababu hakuna anayeuliza.

Sikuweza kumpa Mwalimu jibu la "endelea" wala la "acha" kwa ushahidi, maana pakiti yake haikuniachia pa kushika. Nilimwambia aache kwanza, na aende kupimwa ini. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyepata jibu bila kuonyesha njia. Kisha akaikunja pakiti, akaitia mkobani pamoja na kadi yake ya kliniki, na kuniambia kwamba siku yake ni Alhamisi, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayemwuliza daktari maswali.